Wewe u Nani?

Wakuu wa Wayahudi waliwatuma makuhani na Walawi watoke Yeruzalemu, waende ng'ambo ya mto Yordani, wamwulize Yoane Mbatizaji swali moja fupi: yeye ni nani. Habari hiyo yasimuliwa katika sura ya kwanza ya Injili ya Mtakatifu Yoane. Siku zile watu walimwendea Mbatizaji kwa makundi. Walimwogopa, walimpenda, na mioyoni mwao waliulizana kama huyo ndiye Kristu. Lau angalisema neno moja tu la kukubali, wangalimsujudia. Lakini alisema wazi kwamba yeye siye Kristu. Wakamwuliza kama yeye ni Elia. Akakana. Wakamwuliza kama yeye ni yule nabii aliyengojewa. Akakana tena. Mara tatu aliletewa sifa isiyo yake, na mara tatu akairudisha kwa wenyewe. Mwisho walipomshurutisha awape jibu la kuwapelekea waliowatuma, akawaambia kwamba yeye ni sauti tu, sauti iliayo jangwani, ili watu wamtengenezee Bwana njia.

Wengi wasomapo maneno hayo husifu unyenyekevu wa Yoane, na kweli wastahili sifa. Lakini wako wanaodhani kwamba kunyenyekea ni kusema: "Mimi si kitu, mimi ni takataka." Yoane hakusema hivyo. Alikana asivyokuwa, akakiri alivyokuwa. Sauti si kitu kidogo. Mtu apigaye kelele usiku nyumba ikiungua, na sauti yake ikawaamsha watu, hakuna atakayemwambia kwamba sauti yake ni bure.

Ndugu wakatekumeni, swali lile la Yordani litaulizwa tena mlangoni mwa kanisa siku ya ubatizo. Kabla ya maji, kabla ya mafuta matakatifu, Padri humwuliza mtu jina lake. Hamwulizi kwanza kama ameshika katekismu yote. Amwuliza ni nani. Na aombaye ubatizo hana budi kujibu kwa kinywa chake.

Palikuwa na kijana mmoja mkatekumeni katika kijiji fulani kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Marungu. Alifanya kazi ya kuvua ndakala usiku, na mchana alifika mafundisho bila kukosa. Katekismu aliijua kuliko wote. Mwalimu akiuliza swali, wengine walimtazama yeye kwanza. Alikuwa na shati jeupe la siku ya Mungu, na medali yake aliivaa juu ya shati, si chini yake, ili ionekane. Alikuwa amekwisha kupeleka mbuzi wawili na majembe kwa baba wa mchumba wake. Watu walisema: "Huyu ni mtoto wa watu." Naye aliwaachia waseme hivyo, kwa kuwa tangu alipohamia kijiji kile alikuwa amewaambia kwamba baba yake, aliyekwisha kufa, alitoka katika ukoo wa sultani wa milimani.

Haikuwa kweli. Baba yake alikuwa mvuvi, na mama wa baba yake alitekwa alipokuwa mtoto mdogo, huko Maniema, zamani za biashara ya watumwa. Alifungwa kamba shingoni pamoja na watu wengine, akatembezwa hata ziwani. Mapadri Weupe, waliokuwa Mpala tangu mwaka 1885, walimkomboa pamoja na watoto wengine, wakamlea misioni. Huko alibatizwa, huko akaolewa, huko akazaa. Ukombozi ule uliifungua shingo yake, lakini neno "mtumwa" lilibaki vinywani mwa watu. Kila palipotokea ugomvi wa shamba au wa nyavu, mtu alilitoa neno lile kama atoavyo kisu. Kwa sababu hiyo kijana alihama. Na kwa sababu hiyo hiyo, yule mwanamke mzee, nkambo wake aliyemlea baada ya wazazi kufa, alikuwa bado yu hai kwa mwendo wa siku mbili tu kuelekea kaskazini, na kijana alikuwa hajamtazama uso kwa muda wa miaka sita. Aliogopa kwamba akimtembelea, watu watauliza huyo ni nani.

Basi wiki tatu kabla ya Pasaka Padri aliwaita waliotengenezwa kwa ubatizo, mmoja mmoja, ili aandike habari zao katika kitabu kikubwa cha ubatizo: jina la mtu, jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa. Kijana alifika mezani. Alipoulizwa jina la baba yake, alitaja jina la mtu mkubwa wa ukoo wa sultani. Padri akaandika. Wino ukakauka. Kijana akatoka nje, na usiku ule hakupata usingizi. Mitego, mitumbwi, nyota, vyote vilikuwa kama jana. Ila yeye alijua ya kuwa katika nyumba ya Mungu ameweka jina la uongo, na kwamba mtu atakayebatizwa Jumamosi Takatifu ni mtu asiyekuwapo duniani.

Inafaa kumwacha kijana huyu kwanza hapo alipo, machoni wazi juu ya mkeka wake, na kutazama jambo lililompata, maana halikumpata yeye peke yake.

Mtu aweza kuvaa mtu mwingine kama avaavyo nguo. Yuko ajifanyaye mcha Mungu mbele ya Padri, na nyumbani mkewe hamjui huyo aliyeonekana kanisani. Yuko aliyesoma vitabu kidogo, akaanza kuona haya lugha ya mama yake, akijibu kwa maneno ya Kifaransa mahali ambapo wote wajua Kiswahili. Yuko aonaye wivu kwa karama ya mwenziwe: mwenye mkono mzuri wa kulima ataka kuwa mwimbaji, na mwenye sauti nzuri ataka kuwa fundi wa matofali, na wote wawili hawafanyi kazi. Watu hao hawafanani kwa matendo, bali wote wana woga mmoja: waogopa kwamba wakionekana walivyo, hawatapendwa.

Hapo ndipo adui wa roho anapopata mlango. Shetani hahitaji kumfundisha mtu dhambi kubwa. Yamtosha kumfundisha kujificha. Adamu na Eva walipokwisha kukosa, jambo la kwanza walilofanya ni kujishonea majani na kujificha kati ya miti. Mungu aliwaita. Alijua walipo, aliita ili watoke wenyewe.

Katika Injili ya Yoane, sura ya nne, yuko mwanamke Msamaria. Wanawake wanaosoma habari hii watafahamu upesi jambo ambalo wanaume hupita bila kuliona: mwanamke huyo alikuja kuteka maji saa sita mchana. Nani huteka maji saa ile, jua likiwa juu ya utosi? Wanawake huenda mtoni asubuhi na jioni, tena huenda pamoja, wakizungumza. Aendaye peke yake katika joto la mchana, mara nyingi ni kwa sababu hataki kukutana na vinywa vya wenziwe. Bwana Yezu alikuwa amekaa kisimani, amechoka kwa safari. Akamwomba maji. Mazungumzo yalipoendelea, akamwambia amwite mumewe. Mwanamke akajibu kwamba hana mume. Ndipo Yezu akamwonyesha kwamba ayajua yote: amekuwa na waume watano, na yule aliye naye sasa si wake.

Tena tazameni alichofanya mwanamke. Mara moja alianza kuuliza habari za mlima gani ufaao kumwabudia Mungu. Ndivyo wafanyavyo watu wengi. Kidonda kikiguswa, waanza kubishana juu ya dini. Yezu hakumkemea. Alimjibu swali lake kwa upole, lakini hakufuta alichosema juu ya maisha yake. Na mwisho mwanamke aliuacha mtungi wake kisimani, akakimbia mjini, akawaambia watu waje wamwone mtu aliyemwambia mambo yote aliyoyatenda. Yeye aliyeyakimbia macho ya watu, sasa awaendea. Lile lile alilolificha, sasa alitangaza. Ni nini kilichobadilika? Waume watano walikuwa bado watano. Lakini alikuwa ameonekana wote mzima na mtu asiyemdharau, na baada ya hayo hakuona sababu ya kujificha.

Huo ndio mwanzo wa kujijua kwa Mkristu. Hajijui kwa kujitazama peke yake kama ajitazamaye katika maji ya ziwa, maana upepo kidogo tu wavuruga uso. Ajijua kwa kusimama mbele ya Mungu amjuaye. Nabii Yeremia, katika sura ya kwanza ya kitabu chake, asimulia ya kuwa Mungu alimjua kabla hajamwumba tumboni mwa mama yake. Yeremia naye alijitetea kwamba yu kijana, hajui kusema. Mungu hakukubali udhuru huo, wala hakumgeuza kuwa mtu mwingine mwenye maneno mengi. Aligusa kinywa kile kile.

Lakini hapa pana hatari, na katekista yeyote aliyefundisha miaka michache ameiona. Mtu akisikia kwamba inampasa kujikubali alivyo, aweza kugeuza neno hilo kuwa kitanda cha kulalia. Mlevi asema: "Mungu ameniumba hivi." Mwenye hasira ampiga mkewe, kisha asema: "Ndiyo tabia yangu, hata baba alikuwa hivi." Hayo si kujikubali. Mkulima akubali shamba alilopewa, hata kama lina mawe upande mmoja. Lakini hakubali magugu kwa kuwa ameyakuta shambani. Shamba ni kazi ya Mungu. Magugu yameingia. Anayeyaita magugu shamba, huyo hajalijua shamba lake hata kidogo.

Mtazameni Mtakatifu Petro. Alikuwa mtu wa haraka. Kabla ya mateso ya Bwana alitaka kutembea juu ya maji, alichomoa upanga bustanini, aliapa kwamba hatamkana, na usiku ule ule akamkana mara tatu. Baada ya ufufuko, katika sura ya 21 ya Injili ya Yoane, alipoambiwa kwamba yule asimamaye pwani ni Bwana, alijitupa ziwani, akawaachia wenziwe mashua na samaki. Ni Petro yule yule. Neema haikumfanya kuwa mtu mpole wa polepole kama wengine. Ilitoa uoga na majivuno, ikaiacha haraka, na haraka ile ikawa upendo. Basi asiwepo mkatekumeni anayedhani kwamba akitoka majini atakuwa mtu asiye na tabia yake. Mchangamfu atabaki mchangamfu, mkimya atabaki mkimya.

Katika nchi hii ya Kongo yuko mmoja ambaye habari zake zafaa kusimuliwa kwa kila mkatekumeni, nazo zaanza kwa kosa la kuandika jina. Mwenye Heri Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 upande wa Wamba, katika kabila la Wabudu. Baba yake alitamani sana watoto wa kiume. Mkewe alimzalia mabinti, naye akamwacha, akaoa mwingine. Basi mtoto huyo alikua akijua kwamba alizaliwa binti mahali palipotakiwa mwana. Si jambo dogo hilo kwa mtoto. Jina alilopewa nyumbani lilikuwa Nengapeta, maana yake, utajiri hudanganya. Alipopelekwa shule na dada yake mkubwa, Masista waliandika jina la dada badala ya lake, yaani Anuarite, jina lenye maana ya mtu auchekaye ubishi wa vita. Kosa hilo halikusahihishwa. Tangu siku hiyo aliitwa kwa jina la mwingine.

Mtu angaliweza kuona uchungu maisha yote kwa mambo hayo mawili: kuwa binti asiyetakiwa na kuwa na jina lisilo lake. Anuarite hakufanya hivyo. Aliyachukua kama yalivyokuja. Alipotaka kuwa mtawa, mama yake hakukubali. Siku lori la misioni lilipowachukua wasichana kwenda Bafwabaka, aliingia ndani pamoja nao bila kumwambia mama. (Wasichana wasomao wasifanye haraka ya kumwiga katika jambo hilo, mama yake alikubali baadaye, lakini alilia kwanza.) Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake katika shirika la Jamaa Takatifu, akaitwa Sista Maria Klementina. Kazi zake zilikuwa kufundisha watoto shuleni, kupika jikoni, kutunza sakristia. Hizo ndizo kazi zake. Hakuanzisha shirika, hakuandika kitabu kikubwa, hakuonekana kuwa mtu wa ajabu.

Kisha ukaja mwaka 1964 na vita vya Wasimba. Tarehe 29 Novemba waasi waliwachukua Masista wa Bafwabaka kwa lori, wakawapeleka hata Isiro. Sista Anuarite alikuwa ametia mfukoni sanamu ndogo ya Bikira Maria. Huko Isiro mkuu mmoja wa askari alimtaka awe mkewe. Akakataa. Mkuu wake mwingine akamtaka kwa nguvu, akampiga. Akakataa, akisema kwamba aona heri kufa kuliko kutenda dhambi hiyo. Alipopigwa sana, alimwambia mtu yule kwamba amemsamehe, kwa maana hajui alitendalo. Akachomwa kwa visu, akapigwa risasi, akafa usiku ule wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Saa ile hapakuwa na nafasi ya kutafuta yeye ni nani. Alikuwa amekwisha kujua, jikoni na darasani. Mwenye kujifahamu siku za amani hupata neno siku ya hatari. Asiyejifahamu hubaki akitafuta la kusema, na wakati ule ule wenye nguvu wamsemea.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, naye papo hapo akatamka msamaha kwa aliyemwua. Alitangazwa kwa majina yote: Maria Klementina Anuarite Nengapeta. Jina la nyumbani, jina la kosa, jina la utawa, hakuna lililotupwa.

Na jambo hili la majina lilikuwa zito katika nchi hii. Zamani walikuwako Wakristu waliodhani kwamba jina walilopewa na wazee ni kitu cha upagani. Mtu akiisha kubatizwa aliona haya kuitwa kwa jina la babu yake. Kisha likaja kosa la upande wa pili. Mwaka 1972, nchi ilipokuwa imekwisha kuitwa Zaire, Serikali ilikataza majina ya Kikristu, ikisema kwamba kila mtu arudie uhalisi wa mababu. Kardinali Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipinga, ikampasa kukaa ng'ambo kwa miezi kadhaa. Lakini kumbukeni kwamba Kardinali huyo huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa ili Misa iadhimishwe kwa ngoma, nyimbo na desturi njema za Wakongo. Hakuwa mtu wa kuona haya Uafrika wake. Alikataa tu kwamba mtu mwingine amwambie yeye ni nani kwa amri. Makosa hayo mawili ni mapacha: moja lamkata mtu shina, la pili lamkata matawi, na yote mawili yasema kwamba Mungu hawezi kumpenda mtu mzima.

Ng'ambo ya ziwa, huko Karema, aliishi mtu ambaye wazee wa Mpala na Moba walisikia habari zake. Adriani Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto aliibiwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadri Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha, naye akajifunza uganga kisiwani Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, akakaa huko mganga na katekista, akiponya miili na kufundisha sala, hata alipofariki mwaka 1956. Angaliweza kusema amezaliwa ukoo wowote. Nani katika Karema angalikwenda Niger kuuliza? Lakini alisimulia mwenyewe, bila kuficha, jinsi alivyoibiwa na kuuzwa. Utumwa ulikuwa jambo alilotendewa. Haukuwa jina lake.

Mkatekumeni atakayeuliza afanye nini ili ajijue, na afanye hivi, si vigumu. Jioni, kabla ya kulala, apige magoti, amwombe Roho Mtakatifu mwanga, akumbuke siku yake tangu asubuhi: si dhambi tu, bali pia mahali alipojifanya mtu mwingine, na kwa sababu gani. Aulize: nilimwogopa nani? Tena amwulize mtu mmoja amjuaye vema, mkewe, mama yake au msimamizi wake wa ubatizo, aonyeshe bila kumpendelea. Jibu la mke kwa kawaida laja upesi kuliko la dhamiri. Na mambo yanayomwonea haya aliyeulizwa, ayachukue mbele ya Mungu kwanza, kabla ya kuyachukua mbele ya watu; maana si kila siri ya mtu ni haki ya kijiji kuijua. Yezu alimwambia Msamaria mambo yake walipokuwa wawili tu, wanafunzi wakiwa wamekwenda kununua chakula. Ni mwanamke mwenyewe aliyechagua kuyatangaza.

Lakini kuna siri ambayo kuificha ni kumkana mtu mwingine. Ndiyo iliyokuwa siri ya yule kijana wa ziwani.

Jumatatu ya Wiki Takatifu alikwenda kwa Padri. Alisimama mlangoni muda mrefu, hata Padri akainua kichwa. Kijana akasema:

"Padri, jina la baba nililotaja si lake."

Padri hakumsifu wala hakumkemea. Alifungua kitabu kikubwa, akatafuta mstari, akachovya kalamu, akaufuta kwa msitari mmoja.

"Jina la baba?"

Kijana alilitaja. Padri akaliandika juu ya lile lililofutwa.

"Na mama wa baba yako, yu hai?"

"Yu hai, Padri."

"Amebatizwa?"

"Alibatizwa Mpala alipokuwa mtoto. Walimkomboa."

Ndilo neno ambalo hakuwahi kulisema katika kijiji kile. Padri akakaa kimya kidogo, kisha akasema:

"Leo ni Jumatatu. Kwake ni siku mbili. Ubatizo ni Jumamosi usiku."

Hakusema zaidi. Kijana akatoka, akaazima mtumbwi wa rafiki yake, akaondoka jua likitua.

Kijijini habari zilienea kabla hajafika mbali, kwa maana mkewe mwenye mtumbwi aliuliza aendako, naye alisema kweli. Siku ya Jumatano baba wa mchumba wake aliwarudisha wale mbuzi wawili, akawafunga kwenye nguzo ya nyumba ya kijana, na majembe akayaweka mlangoni. Watu wengine walicheka. Wengine walikaa kimya, na baadhi ya hao waliokaa kimya walikuwa na sababu zao, kwa kuwa kando ya ziwa lile ni nyumba chache zisizo na nkambo wa namna hiyo. (Msichana alikuwa na msimamo wake mwenyewe, na baba yake alikubali baada ya mavuno mawili, wala hakukubali kwa furaha.)

Ijumaa Kuu kijana hakuonekana. Mwalimu wa mafundisho alihesabu watu wake, akakuta pungufu ya mmoja. Jumamosi mchana upepo wa kusini ulikuwa mkali, na wavuvi walisema kwamba hakuna mtumbwi utakaofika siku hiyo. Kulipokuwa giza, watu wakikusanyika nje ya kanisa kwa moto mpya, alionekana akipanda kutoka pwani. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa, na mgongoni alimbeba mwanamke mdogo, mzee sana, mwenye rozari shingoni na kikapu cha ndakala kavu mkononi, kwa maana alikataa kuja mikono mitupu.

Mwalimu akauliza, kama desturi ya kuwapanga waombao ubatizo na jamaa zao:

"Huyu ni nani?"

Moto ulikuwa umewashwa, na wote walisikia.

"Huyu ni nkambo wangu," akasema kijana. "Ndiye aliyenilea."

Siku ya Pasaka, Misa ilipokwisha, mwanamke yule mzee aliomba kuonyeshwa mahali jina la mwanawe lilipoandikwa. Hakujua kusoma. Padri alifungua kitabu juu ya meza, akamshika kidole, akakiweka juu ya mstari, hapo juu ya maneno yaliyofutwa. Alikiacha kidole pale muda mrefu. Kisha akauliza kama wino umekauka, asije akaliharibu.